Kupiga rangi gari uani: Kilosa, Mikumi na suala la mwezi

Anayetaka kupiga rangi gari lake mwenyewe huanza kwa kuulizia bunduki ya kupulizia. Kwa mkazi wa Kilosa au Mikumi, mimi ningemwambia aangalie kalenda kwanza. Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ni kavu ila vumbi halilali, hasa Mikumi, ambako malori ya Zambia hupita usiku na mchana. Masika vumbi hutulia, lakini bonde la Mkondoa huloa. Gereji yenye chumba cha rangi haijali hayo. Wa uani lazima achague adui, na rangi atakayonunua itafuata uchaguzi huo.

Enameli ya mafuta ni rahisi kupaka, lakini hubaki mbichi kwa saa nyingi, na muda wote huo inanasa vumbi na wadudu. Rangi ya 2K, inayochanganywa na hadina, ni imara kuliko zote. Shida ni kwamba hadina hiyo ina aisosayaneti, kemikali inayoweza kumwachia mtu pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Viwandani mpulizaji huletewa hewa safi kwa mpira. Ua wenye watoto si mahali pake. Inabaki NC, rangi ya selulosi, ya ukoo wa Duco ambayo DuPont waliingiza kwenye magari miaka ya 1920. Hiyo hushika kwa dakika chache, kabla vumbi halijatua.

Udhaifu wake ni unyevu. Thina inaporuka hupoza bati. Hewa ya masika ikiwa nyuzi 27 na unyevu asilimia 85, umande huanza kwenye nyuzi 24 hivi. Bati likipoa nyuzi tatu tu, maji yanatua juu ya rangi mbichi nayo inapauka kama imepakwa chokaa. Ndiyo maana nasema: NC na kiangazi, asubuhi umande ukishakauka, kabla upepo haujaamka. Mwagia ua maji kwanza. Na jiko la mkaa lihamishwe mbali, kwa kuwa mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kulifuata.

Maji mengine hutoka kwenye kompresa, na hapa wengi hawahesabu. Kwa hewa hiyohiyo ya masika, kila mita moja ya ujazo ikigandamizwa hadi baa 8 kisha ikapoa huacha takribani gramu 19 za maji. Bunduki inayokula lita 200 kwa dakika itavuta mita 6 za ujazo kwa nusu saa: zaidi ya gramu 100, karibu nusu glasi, tayari kurushwa kwenye boneti. Fungua koki ya chini ya tangi mara kwa mara, weka kichujio cha maji, tumia mpira mrefu ili hewa ipoe kabla ya kufika humo.

Fila nayo hunywa maji. Isuguliwe kavu, msasa namba 80, kisha 180, kisha 320, halafu praima ipite juu yake siku hiyohiyo. Ukiisugua kwa maji, kutu itaanzia chini kimyakimya na malengelenge yatatokea gari likiwa limeshasifiwa.

Kabla ya yote, loweka kitambaa kwenye thina, ukibandike kwa dakika kadhaa mahali pasipoonekana. Rangi ya zamani ikilainika, NC itaikunja, ikwangue yote. Ya kiwandani kwa kawaida haitikisiki.

Mng'ao wa NC hutafutwa kwa mkono: msasa wa maji 1500, 2000, kisha dawa ya kung'arishia. Jua litaufubaza mapema kuliko 2K, na petroli ikimwagika huacha alama.

Namba ya rangi ya Toyota iko kwenye kibati chenye C/TR, mlangoni au chini ya boneti. Ikiwa 040, nyeupe tupu, endelea. Ikiwa 070, nyeupe ya lulu, ina tabaka tatu. Hiyo ipeleke kwa fundi Morogoro. Na ukibadili rangi kabisa, kadi ya gari nayo inataja rangi, kwa hiyo TRA wanahusika.