Ruhusa ya Mwenye Mchezo

Vijana wetu wa Mutaho wauliza: shabiki akiunda mchezo wa video kwa wahusika wa mwingine, naye hauuzi, je, yampasa kuomba ruhusa? Yampasa. Sheria ya Burundi ya mwaka 2005 humpa mtungaji haki ya kukubali au kukataa kazi yake igeuzwe. Hata ngoma za Gishora, zisizo na mtunzi anayejulikana, amri ya mwaka 2017 iliziwekea kibali cha wizara. Seuze mchezo ambao mwenyewe twamjua kwa jina.

Lakini mwenye haki naye ana wajibu. Milton Guasti wa Argentina aliusuka upya Metroid II, mchezo wa Nintendo wa mwaka 1991, akautoa bure Agosti 2016 baada ya takriban miaka kumi ya kazi. Siku chache baadaye Nintendo ikataka uondolewe. Na habari zake zilikwisha kuenea zamani! Kampuni ya Sega ilitenda vingine: Christian Whitehead, shabiki aliyeanza kwa kuiga michezo yake, ilimpa kazi, na Sonic Mania ya mwaka 2017 ikasifiwa sana. Nintendo twaipa haki yake ya kukataa. Kimya cha miaka yote ile hatukisifu.