Usugu ni wa Nani? Uhakiki wa Istilahi za Utafiti wa Dawa

Istilahi yafaa ipimwe kwa mambo mawili. Kwanza, je, mtaalamu aweza kuitumia bila kupotoka? Pili, je, mwananchi akiisikia hufikiri jambo lile lile alilolikusudia mtaalamu? Istilahi "usugu wa dawa", ambayo imeenea katika magazeti na redio, hulipita jaribio la kwanza kwa shida, na la pili hulishindwa kabisa.

Huko Same si ajabu kumsikia mgonjwa wa malaria akisema kwamba mwili wake umekwisha kuizoea dawa, au kwamba ni afadhali asimalize vidonge asije akawa sugu. Mtu huyu ameifuata lugha yake tu. Sugu, kwa asili, ni ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa mara kwa mara. Mkulima wa tangawizi kule Mamba anaifahamu vyema: humtoka viganjani kwa kushika jembe, na kadiri anavyolima ndivyo inavyozidi. Mgonjwa anayeambiwa habari za "usugu wa dawa" hujiona yeye ndiye kiganja na dawa ndiyo mpini. Kwa hiyo huona ni busara kupunguza matumizi.

Mambo hayako hivyo. Kinachoishinda dawa ni kimelea, wala hakiishindi kwa kuizoea. Katika wingi wa vimelea hutokea vichache vyenye badiliko dogo katika vinasaba vyao. Dawa huviua vingine, navyo hubaki vikazaana. Mgonjwa aachaye dozi njiani huvipa nafasi.

Ushahidi tunao karibu. Mwaka 2003 watafiti walichapisha matokeo ya kulinganisha vimelea vya malaria kutoka Mkoa wa Kilimanjaro, ambamo Same imo, na vile vya KwaZulu-Natal, Afrika ya Kusini. Ilionekana kwamba vile vilivyoishinda pirimethamini katika pande zote mbili vina asili moja. Mwaka 2004 asili hiyo ikafuatiliwa hadi Asia ya Kusini-Mashariki. Basi usugu huu haukuota katika mwili wa Mpare yeyote. Ulihamia kwetu kama ukoo unavyohama.

Kwa sababu hiyo istilahi "vinasaba" yastahili sifa. Imetokana na nasaba, na mtu wa milimani ajuaye ukoo wake umetoka wapi hana haja ya maelezo marefu ili afahamu jinsi kimelea kinavyoweza kuwa na jadi yake. Kasoro ni moja: wengi wamelisikia neno hili katika kesi za kutafuta baba wa mtoto, wakadhani kwamba vinasaba ni vya binadamu peke yake. Waandishi wa vitabu vya shule hawana budi kulisahihisha jambo hili mapema.

"Dawa ya mseto", iliyoanza kutumika nchini mwaka 2006, nayo imefaulu. Kila mpishi ajua kwamba mseto hauwi mseto kwa kitu kimoja. Ndani ya kidonge hicho artemetha hushambulia upesi, na lumefantrini hukaa mwilini kumaliza masalio. Neno lenyewe limebeba sababu ya kumeza dozi zote sita kwa siku tatu.

Jambo hili lina uzito leo kuliko jana. Katika Mkoa wa Kagera uchunguzi wa vinasaba umekwisha kuonyesha vimelea vyenye badiliko linalopunguza nguvu ya artemisinini. Watafiti husoma jenomu nzima ya kimelea kutafuta shabaha ya dawa mpya, na husaidiwa na kompyuta zenye kile ambacho wengine hukiita akili unde na wengine akili mnemba. Majina hayo mawili yatasuluhishwa kwa wakati wake, wala hakuna mgonjwa atakayedhurika kwa kungoja. Katika "usugu" hatuna nafasi hiyo.

Napendekeza, basi, neno "sugu" lisitupwe, kwani limekwisha kukita mizizi, bali lisiachwe bila mwenyewe. Isemwe na iandikwe kwa ukamilifu: "usugu wa vimelea dhidi ya dawa". "Malaria sugu" iepukwe, maana huchanganywa na ugonjwa sugu, yaani ule ukaao mwilini muda mrefu. Maneno matatu yanayoongezwa si gharama kubwa, iwapo yatamfanya mgonjwa wa Same amalize vidonge vyake.