Kitufe Kinachojibu

Pale Mkuyuni, kando ya barabara itokayo Morogoro mjini kwenda Matombo, nilikaa nikamtazama kijana mmoja fundi wa programu akihangaika na kitufe. Alikuwa anatengeneza ukurasa wa kuagizia ndizi na mananasi, na kitufe cha "Tuma Oda" kilikuwa kimependeza: kijani, pembe zimelainishwa, kivuli kwa chini. Tatizo ni kwamba mtandao ukisuasua kilikaa kimya, hujui kimesikia au la. Akakivua mapambo yote mpaka kikabaki kile cha kijivu cha kivinjari, akahakikisha kinatuma, ndipo akaanza kukivisha upya, rangi baada ya rangi.

Utaratibu huo umeadimika. Wengi siku hizi huanza na mavazi: huchukua div, kisanduku kisichojua lolote, wakakipaka rangi wakakiita kitufe. Kwa kidole kinakubali. Anayetumia kibodi hakifikii, na asiyeona, anayesomewa skrini, haambiwi kwamba hapo pana kitufe. Lebo ya button imekuwapo tangu HTML 4, Desemba 1997, na hayo yote inayo bure.

Mimi vitufe nilivipendea kwenye redio kaseti ya nyumbani. Kile cha kuchezea kilizama kwa mlio mzito, kikabaki kimezama mpaka ubonyeze cha kusimamisha, nacho kikaruka juu. Usiku, taa imezimwa, ulipapasa tu ukajua mashine iko katika hali gani. Hata betri zilipochoka na mwimbaji akaanza kuburura sauti, kitufe hakikukudanganya.

Kijana yule, ambaye sidhani kama amewahi kuishika redio ya namna hiyo, alikuwa akiutafuta mzamo uleule. Ukibonyeza, maandishi yanageuka kuwa "Inatuma", na kitufe kinafungwa papo hapo ili mwenye haraka asiagize mkungu mmoja mara mbili. Ule mstari unaokizunguka kitufe kilichofikiwa kwa kibodi, ambao wabunifu huufuta eti unachafua sura, aliuacha.

Tangu Bootstrap, mkusanyo wa mitindo iliyo tayari, itoke Twitter mwaka 2011, kitufe cha buluu kilichokwishavaa hupatikana kwa kuandika maneno mawili, siku hizi btn btn-primary. Silaumu, ilituokolea muda. Ila mkono umezoea vya kuokota. Kwenye React, maktaba ya kujengea kurasa, fundi anakipa kijenzi cha nje jina la mtindo, kijenzi hicho hakilipitishi ndani, rangi inapotelea njiani. Badala ya kuifuata ilikopotelea, anabandika !important, amri ya kulazimisha mtindo, mahali fulani, anafunga kompyuta. Anayerithi kazi hiyo naye anabandika ya kwake juu yake, mpaka hakuna ajuaye rangi inatoka wapi.

Na bibi wa Kiroka, kwenye barabara hiyohiyo ya Matombo, aliyebonyeza kitufe cha namna hiyo mara tatu bila kujibiwa, haandiki malalamiko popote. Anamrudishia mjukuu simu, anasema yeye mambo haya hayawezi, kisha anaomba apigiwe dalali.