Tairi Kubwa Katika Udongo Mweusi wa Kano: Uchambuzi wa Madigadi Yanayopanuliwa

Uwanda wa Kano, unaoanzia viunga vya mashariki vya Kisumu na kutandaa kati ya milima ya Nandi upande wa kaskazini na nyanda za Nyabondo upande wa kusini, umefunikwa kwa sehemu kubwa na udongo mfinyanzi mweusi, ambao hupasuka nyufa wakati wa kiangazi na kufura unaponyeshewa, na udongo huu ndio unaoamua gari la kazi livishwe tairi la namna gani. Kati ya Machi na Mei, mvua za masika zinapozilowesha njia za kuelekea mashamba ya mpunga ya Ahero na fuo za uvuvi za Nyakach kando ya Ziwa Victoria, wenye pikapu za Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70 huwaendea mafundi wa jua kali wakitaka matairi makubwa kuliko yale ya kiwandani. Ombi hilo huchukuliwa kama suala la kununua na kufunga, ilhali matairi ni nusu tu ya kazi, na nusu iliyobaki, ambayo aghalabu hupuuzwa, ni nafasi inayoachwa kati ya tairi na bodi.

Ukubwa wa tairi husomwa ubavuni mwake. Maandishi 265/70R16 yana maana kwamba upana wa tairi ni milimita 265, kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, na rimu ina kipenyo cha inchi 16, kwa hiyo kipenyo cha tairi zima ni takriban milimita 777. Mwenye gari lililotoka na tairi hilo huwa na njia mbili za kupanda juu: 285/75R16, lenye kipenyo cha milimita 834, au 255/85R16, lenye kipenyo cha milimita 840. Kwa kimo, mawili haya hayatofautiani kwa jambo la maana. Kwa upana, moja limempita mwenzake kwa milimita 30. Lililo pana ndilo linalopendwa mjini, kwa kuwa hulipa gari umbo la kibabe, lakini kwa njia za Kano lililo jembamba ndilo chaguo la busara zaidi. Kwenye mchanga laini tairi pana huelea juu, jambo ambalo ni faida. Kwenye mfinyanzi uliolowa hulazimika kusukuma ukuta mpana wa tope mbele yake, na tope lenyewe hunata kwenye meno ya tairi, likapanda nalo hadi ndani ya madigadi na kujishindilia humo tabaka juu ya tabaka mpaka gurudumu likazuiwa kuzunguka. Dereva hudhani injini imeishiwa nguvu, kumbe gari limejifunga breki kwa udongo.

Hapa ndipo vipimo vilivyozoeleka vya magari ya mashindano vinapopotosha. Katika Rhino Charge, mashindano ya kila mwaka yaliyoanza 1989 kwa ajili ya kuchangia ua wa hifadhi ya Aberdare, gari hupita zaidi kwenye mawe, makorongo na vichaka vikavu, na nafasi ya kutosha ni ile inayozuia tairi kugusa bodi. Katika uwanda wa ziwa, tairi lisiloguswa na chochote likiwa safi bado linaweza kukwama likiwa limevaa tope la unene wa vidole vitatu, na unene huo ndio unaopaswa kuongezwa kwenye kila kipimo kabla ya bati kukatwa.

Upande wa nyuma una tatizo lake. Mwaka 2007, ilipoletwa injini ya dizeli ya V8, ekseli ya mbele ya Land Cruiser hiyo ilipanuliwa, na ya nyuma ikaachwa ilivyo, hata umbali kati ya magurudumu ya nyuma ukawa mfupi kuliko ule wa mbele kwa milimita 95 hivi. Barabarani dosari hii haionekani. Kwenye tope, magurudumu ya nyuma hayafuati mifereji iliyokwisha kuchimbwa na ya mbele, bali kila moja huchimba mfereji wake ndani kidogo, na nguvu hupotea mara mbili. Dawa inayotumika sana ni kufunga nyuma rimu ambazo uso wake wa kufungia nati umesogezwa ndani, ili tairi litokeze nje kwa karibu milimita 47 kila upande. Wako wanaotumia spesa, yaani kipande cha chuma kinachowekwa kati ya kitovu na rimu, kwa kuwa ni nafuu, ingawa kwa gari linalobeba barafu na samaki kutoka ufuoni hilo si jambo la kushauriwa, maana spesa huongeza idadi ya nati zinazoweza kulegea. Kwa njia yoyote ile, beringi hubeba mzigo zaidi, na tairi sasa limetoka nje ya madigadi, likirusha tope kwenye kioo cha gari lenyewe na kwa mwendesha boda boda anayepishana nalo.

Fundi mwangalifu haanzi kwa kukata. Kwanza hufungua springi, ambazo mbele ni za koili na nyuma ni za vipande vya chuma vilivyopangwa, kisha hulipandisha gurudumu moja kwa jeki mpaka lifike juu kabisa ya mwendo wake, hali ambayo gari litaikuta tu likiangukia shimo likiwa na mzigo. Ukingo wa tairi hupakwa chaki, usukani ukazungushwa hadi mwisho kulia na kushoto, na popote chaki inapoacha alama nyeupe ndipo bati litakapokatwa au kukunjwa kwa nyundo. Kipimo hiki hurudiwa tairi likiwa limepunguzwa upepo hadi pauni 18 au 20, kwa kuwa ndivyo linavyotumika topeni, na tairi lililopunguzwa upepo huvimba ubavuni. Alama za mara ya pili zikitokea nje ya zile za kwanza, anayekata kwa kufuata za kwanza atarudi gereji.

Baada ya kukata ndipo hufungwa vipanuzi vya madigadi, yaani kingo za ziada zinazofunika sehemu ya tairi iliyotokeza. Vya kununua huwa vya plastiki au faibaglasi. Katika karakana kama zile za Kibuye mjini Kisumu huundwa kwa bati la geji 18, lenye unene wa milimita 1.2 hivi, lililokunjwa kufuata nondo iliyopindwa kwa umbo la tao. Vya bati huvizidi vya dukani kwa sifa moja, nayo ni kwamba fundi anaweza kuviacha wazi kwa ndani, bila ule mdomo unaorudi nyuma na kuwa kikapu cha udongo. Kati ya kipanuzi na bodi huwekwa ukanda wa raba, mara nyingi uliokatwa kutoka tyubu kuukuu ya lori, na kingo zote zilizokatwa hupakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya boliti kuingia. Maji ya ziwa hayana chumvi kama ya Mombasa, lakini mfinyanzi hushika unyevu kwa siku nyingi, na bati lisilopakwa rangi huanza kuliwa kutoka ndani, mahali pasipoonekana.

Athari za tairi kubwa haziishii kwenye bodi: kwa tairi la milimita 840 badala ya lile la 777, kipima mwendo kinachoonyesha kilomita 50 kwa saa huficha mwendo wa kilomita 54, tofauti ya kutosha kumponza dereva mjini. Uwiano wa gia nao hubadilika, kwani tairi kubwa huzipunguzia gia zote nguvu ya kuvuta kwa zaidi ya asilimia 7. Magari mengi ya kazi yana injini ya 1HZ ya lita 4.2 isiyo na tabo, ambayo Kisumu, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, tayari imekosa karibu sehemu moja ya kumi ya hewa ya usawa wa bahari, na upungufu huo huongezeka kadiri gari linavyopanda kuelekea Kericho.

Linabaki tairi la akiba, ambalo kwa ukubwa mpya aghalabu halienei mahali pake chini ya bodi, na likiwekwa nyuma ya kabini hula nafasi ya makasha ya samaki, kwa hiyo wengi huendelea kubeba lile la zamani. Matairi ya vipenyo viwili tofauti kwenye ekseli moja ya nyuma huilazimisha difu kuzungusha gia zake za ndani muda wote, na gari likitiwa magurudumu manne shafti hukazana. Pancha ikitokea nyuma, njia salama ni kuhamisha tairi kubwa la mbele kwenda nyuma, kufunga dogo mbele, kufungua vitovu vya mbele ili difu ya huko isizungushwe, na kwenda polepole kwa magurudumu mawili hadi kwa mziba pancha aliye karibu.