Gome moja, safari moja

Kasuku wengi duniani hawajengi. Wakipata tundu kwenye mti, hutaga juu ya vumbi la mti uliooza, basi. Kwaru wa kusini mwa Ziwa Victoria, anayeonekana hadi kisiwa cha Kome, hajaridhika na hilo, na namna anavyojenga ndiyo inayonivutia kuliko rangi zake.

Rangi zenyewe si haba: mwili wa kijani, shingo ya manjano inayokolea kuwa chungwa usoni, mdomo mwekundu, na jicho lililozungukwa na ngozi tupu nyeupe. Urefu wake ni sentimita 14 hivi, uzito kama gramu 50. Mjerumani Anton Reichenow alimpa jina la kitaalamu mwaka 1887, kwa heshima ya mpelelezi Gustav Fischer. Huishi kwenye mbuga zenye migunga na mibuyu ya kutawanyika, kati ya mita 1,100 na 2,200 juu ya usawa wa bahari. Uso wa ziwa una mita 1,134, kwa hiyo Sengerema, wilaya iliyo kusini mwa ziwa, iko karibu kabisa na sakafu ya makazi yake. Mkulima wa mtama anamjua kwa hasara.

Dume na jike wamefanana mno, lakini msimu wa kuzaa ukifika, mjenzi ni jike. Hutafuna gome au bua, akakata ukanda mwembamba, akaubana mdomoni na kuruka nao tunduni. Safari baada ya safari, tundu hujaa mpaka kiota kinakuwa na paa na njia ya kuingilia. Humo hutaga mayai meupe, 3 hadi 8, na kuyaatamia siku 23 hivi huku dume akimlisha. Huko Serengeti, hupunguza kazi ya ujenzi kwa kuingia viota vya mnana mwenye mkia wa kahawia.

Jamaa yake wa kusini mwa Afrika, mwenye uso wa waridi, hachukui mdomoni. Yeye huchomeka kanda kadhaa katikati ya manyoya ya kiunoni na kuruka na mzigo mzima. William Dilger wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliwazalisha hao wawili pamoja, akachapisha matokeo mwaka 1962. Machotara walihangaika: walikata vizuri, wakageuza kichwa nyuma, wakachomeka, ukanda ukaanguka, au wakaukokota tena bila kuuachia. Walifika na kitu kiotani pale tu walipokibeba kwa mdomo, na ilichukua miaka mitatu wawe mahiri. Hata hapo, bado waligeuza kichwa kidogo kabla ya kuruka. Kukata na kubeba, kumbe, ni mambo mawili, na la pili ndege amezaliwa nalo kwa sehemu kubwa, ingawa uzoefu hulirekebisha taratibu.

Naivasha, Kenya, kwaru waliotoroka vizimbani wamezaliana porini na ndugu zao wa spishi nyingine, wenye ukosi wa manjano, ambao pia asili yao ni Tanzania. Hapo hapakuwa na mgongano wa aina hiyo: pande zote mbili hubeba kwa mdomo.