Msubu wa Risasi na Ngulube wa Lualaba

Malori ya shaba hutoka Kolwezi usiku na mchana, hupita Likasi na Lubumbashi, hufika Kasumbalesa, kisha huteremka kuelekea bandari za Dar es Salaam na Durban. Sisi tulio kando ya barabara hiyo tumezoea kuyaona madini kama kitu cha kwenda zake. Labda ndiyo maana ninamheshimu sana mtu anayechukua kipande kidogo cha madini, akakiyeyusha mwenyewe, akakimimina kwenye kalibu, akakishindilia ndani ya gobori lake na kwenda kumvizia ngulube anayemmalizia mihogo. Madini yake hayavuki mpaka wowote. Yanatoka kwenye moto wa makala, yanaingia porini, na mkono wake ukiwa mzuri, yanarudi kama kitoweo cha bukari, ugali wetu. Huo ni ufundi kamili, na nauandikia sifa zake.

Asiyemjua ngulube asimchanganye na ngiri. Ngiri hutembea mchana kweupe, hupiga magoti akila majani, na usiku hulala shimoni. Ngulube, nguruwe pori wetu wa miombo, ni mnyama wa giza na vichaka. Ana manyoya ya kahawia yaliyokolea, uso wenye weupe na singa za mgongoni zinazosimama akikasirika. Dume mkubwa huweza kupita kilo 100. Hutembea na kundi lake, na dume mwenye kundi huwalinda watoto kwa ukali. Pua yake humwambia mengi kuliko macho yake. Kundi likiingia shambani usiku mmoja, asubuhi mwenye shamba hukuta ardhi imefukuliwa kama iliyolimwa, mihogo imetafunwa nusu na nusu imeachwa ioze. Ukiongeza kwamba ngulube na ngiri hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila wao wenyewe kuugua, ugonjwa uliotambuliwa kwanza Kenya na Montgomery akauandika mwaka 1921, utaelewa kwa nini mfugaji wa nguruwe hapa hataki kusikia mkoromo wao karibu na zizi lake.

Bunduki ya kumkabili imefikaje mikononi mwa mkulima wa Lualaba, na kwa nini mpaka leo ni ile ya kushindiliwa kwa mdeki kupitia mdomo wa mtutu? Sehemu ya jibu iko Brussels. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalitia saini mkataba wa kupambana na biashara ya watumwa, na ndani yake yakakubaliana kuzuia silaha za kisasa zisiingie Afrika kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Kilichoachiwa mlango ni gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, ila mkataba huohuo uliwaachia watawala bunduki bora na wenyeji bunduki duni. Viwanda vya Liège, Ubelgiji, vilitengeneza bunduki za biashara kwa wingi, na mafundi wetu wakajifunza kuzikarabati, kubadili jiwe kwa fataki, kuchonga kitako kipya, na hatimaye kuunda gobori zima kutokana na bomba la chuma. Katazo hilo limelea ukoo mzima wa mafundi.

Lakini kusubu risasi kulianza kabla ya mkataba. Bunkeya, iliyo leo ndani ya jimbo la Lualaba, ilikuwa mji wa Msiri, mwana wa Kalasa, aliyetoka upande wa Unyamwezi kwa sababu ya shaba. Alijenga utawala wa Garenganze juu ya shaba, pembe na, lazima isemwe, watu waliouzwa. Bunduki na baruti zilimfikia kutoka pande mbili, pwani ya Waswahili na Bihe ya Angola. Kilichokosekana mara nyingi ni madini ya risasi. Barani kote mwindaji aliyepungukiwa alifuliwa risasi za chuma na mhunzi wake, ila watu wa Garenganze walikuwa wamekalia shaba, wakazisubu za shaba. Nikisimama Dikuluwe, penye mashimo ya leo yanayoweza kumeza mtaa, huwaza kwamba kabla ya mashine yoyote mlima huu ulikuwa ukitoa jembe, bangili, waya na risasi.

Wasanga waliofanya kazi hiyo ya kuyeyusha shaba walisema wanakwenda kula shaba, na Monsinyori de Hemptinne akawaita hivyo katika maelezo yake ya mwaka 1926: wala shaba. Walingoja mtama uvunwe na mvua ikatike. Wakachimba malakiti, yale mawe ya kijani, wakaisafisha, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakalijaza makala, wakavuta mivukuto. Shaba huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,085 za Selsiasi. Kulifikia joto hilo kwa ngozi ya mnyama, mikono ya vijana na makala ya miombo ni jambo ambalo mimi bado nalistaajabia, na nadhani shule zetu za Kolwezi zingelifundisha kabla ya tarehe ya kuanzishwa kwa kampuni ya madini ya Union Minière. Misalaba ya shaba waliyosubu mababu ilikuwa fedha karne nyingi kabla ya faranga. Imefukuliwa katika makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale.

Madini ya risasi ni mepesi kuyeyuka. Nyuzi 327 tu, na sufuria kuukuu juu ya mbabula, jiko la makala, yatosha. Urahisi huo hudanganya. Mtazame mtu anayeijua kazi: kwanza huikausha kalibu juu ya moto mpaka asiwe na shaka, kwa sababu tone moja la maji likifunikwa na madini yaliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kuyarusha usoni. Madini yakishalegea na kung'aa, hutupia kipande cha nta, hukoroga, moshi hupanda, na uchafu hujikusanya juu kama utando wa kijivu. Anauengua. Anachota kwa upawa, anamimina kwa mkono mmoja usiositasita, kwa sababu mmimino ukikatika risasi hutoka na mshono. Anangoja. Ule mkia unaobaki juu ya kalibu hubadilika kutoka mng'ao wa maji hadi ufifi, na hapo ndipo hufungua. Za kwanza huwa na mikunjo, maana kalibu ilikuwa baridi. Huzirudisha sufuriani bila kinyongo. Zikianza kutoka na vumbivumbi la weupe, kalibu imepata moto kupita kiasi, naye hupumzika. Kati ya hali hizo mbili kuna kipindi ambapo kila risasi hutoka laini, nzito, bila kasoro, na mtu huyo hataki kusemeshwa.

Kisha anazikagua. Anakata mkia, anaizungusha risasi kati ya kidole gumba na cha shahada, anaitia mdomoni mwa mtutu bila baruti kuona inavyokaa, na yenye shimo hata dogo anaitenga. Hakuna mkaguzi aliyemtuma. Dukani mtu hununua risasi bila kujua nani aliitengeneza. Huyu anajua, na ikikosea atajua pia.

Kwa nini mtutu mpana? Baruti nyeusi haisukumi kwa kasi kama ya kisasa, kwa hiyo kazi lazima ifanywe na uzito na upana. Risasi ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 16 ikisubiwa kwa madini ya risasi ina gramu 24 hivi. Ongeza milimita 2 tu, inakaribia gramu 35. Ile ya shaba ya milimita 16 huwa na gramu 19, kwa maana shaba ni nyepesi zaidi, lakini haibonyei ikigonga mfupa. Frederick Selous, Mwingereza aliyeuawa vitani Beho Beho mwaka 1917, na ambaye pori kubwa la Tanzania lilipewa jina lake, alianza uwindaji wake miaka ya 1870 kwa bunduki za kushindilia zilizorusha risasi ya robo ratili, zaidi ya gramu 110. Mpanzi wa mihogo hahitaji mzinga wa namna hiyo. Anachohitaji ni risasi itakayopita bega la ngulube na kufika moyoni, na umbali mdogo.

Umbali ndio kiini cha sifa zangu. Mtutu laini hauaminiki kwenye hatua mia. Mwindaji hulazimika kusogea mpaka hatua thelathini, ishirini na tano, upepo ukimpiga usoni, akijua ana risasi moja. Akikosa, kushindilia nyingine huchukua muda ambao ngulube aliyejeruhiwa hautoi. Huyo hugeuka, na meno yake ya chini hupasua paja. Basi mwenye gobori hungoja mnyama ageuze ubavu, humwacha jike mwenye watoto apite, humwacha dume aliyefunikwa na majani apite vilevile. Silaha inayofyatua risasi thelathini haijawahi kumfundisha mtu kungoja. Tumeyaona matokeo yake upande wa Upemba, hifadhi iliyoundwa mwaka 1939, ambako watu wenye bunduki za kivita wamewafyeka wanyama na kuwaua walinzi wao. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inataka kibali na kuheshimiwa kwa majira ya kufunga. Fundi ninayemsifu hapa ni yule anayeifuata, anayelinda shamba lake na kuiacha hifadhi itulie.

Wazee wa kusini-magharibi mwa jimbo letu waliuona uwindaji wa bunduki kuwa wito. Kwa Wandembu, ndugu wa Walunda wanaoishi pande zote mbili za mpaka wa Zambia, chama cha wawindaji wa bunduki kiliitwa wuyang'a, na Victor Turner aliyekaa nao Mwinilunga miaka ya 1950 aliandika mengi juu yake. Mwindaji alisimika mti wenye panda uliomenywa gamba, akaunoa ncha zake, akauwekea chini kipande cha kichuguu, na hapo akawapa wahenga damu ya mnyama kabla ya yeyote kula. Udongo uleule wa kichuguu uliojenga tanuru! Na Wachokwe walipomchonga Chibinda Ilunga, mwindaji wa Kiluba aliyemwoa Ruwej, malkia wa Walunda, baadhi yao karne ya 19 walimpa bunduki ya gumegume mkononi, ingawa masimulizi yake ni ya kale kuliko bunduki. Hawakuona ajabu. Mwindaji mkuu alistahili silaha iliyo bora kwa wakati wao.

Kuna jambo moja ninalowasihi mafundi wetu, na ninalisema kwa upendo. Madini ya risasi ni sumu. Ng'ambo ya mpaka, Kabwe, mgodi wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994 na mpaka leo watoto wanazaliwa na kukulia juu ya vumbi lake, damu yao ikiwa na kiasi kinachodhuru akili. Siku hizi wengi huvunja betri kuukuu za magari ili wapate madini ya kusubu. Hapo ndipo hatari ilipo: asidi, vumbi, moshi, na mara nyingi mtoto amechuchumaa karibu akitazama. Sufuria ya kusubia isirudi jikoni. Kazi ifanyike nje, upepo ukichukua moshi kuuweka mbali na nyumba, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa bukari. Nyama iliyo karibu na jeraha ikatwe itupwe, maana risasi laini huacha chembe nyingi zisizoonekana.

Kwa sababu hiyohiyo nchi nyingine zimeanza kuyaacha madini ya risasi. Jimbo la California, Marekani, limekataza risasi za madini hayo katika uwindaji wote tangu tarehe 1 Julai 2019, na wawindaji wa huko hununua za shaba. Shaba, yaani ile waliyoshindilia watu wa Bunkeya. Sioni sababu ya fundi wa Lualaba kungoja aletewe za kiwandani, zinazokwenda na bunduki asiyo nayo. Kusubu shaba ni kugumu kweli: inataka tanuru la kichuguu badala ya mbabula, mivukuto miwili inayopokezana, chungu cha udongo kisichopasuka, na subira, kwa kuwa shaba iliyoyeyuka hunyonya hewa na kuganda na vitundu ndani. Risasi yenye kitundu huyumba njiani. Mtu atazisubu nyingi na kuzirudisha motoni nyingi. Lakini wazee wa Kisanga waliijua kazi hii majira baada ya majira, na kiangazi kijacho, mtama ukishaingia ghalani, kijana mwenye mikono na hamu aweza kuanza kwa kujenga tanuru moja dogo na kumwomba mzee wa kijiji chake asimame pale amwelekeze.