Damu ya Bibi, Ndizi ya Darasani

Kuthibitisha baba wa mtoto si kazi kubwa pale baba, mama na mtoto wote wapo. Unapima watatu, unalinganisha, unatoa jibu. Akina bibi wa Argentina walipeleka maabara swali gumu kuliko hilo: mtoto yupo, lakini baba na mama hawapo, wala makaburi yao hayajulikani. Aliyebaki ni bibi. Je, damu ya bibi inaweza kusimama mahali pa damu ya mzazi?

Nataka kueleza namna swali hilo lilivyojibiwa, kwa sababu sijaona somo linalounganisha vizuri zaidi vipindi viwili ambavyo shule zetu huvitenga: haki za binadamu, zinazokaririwa katika Uraia, na baiolojia, ambayo mara nyingi huishia kuchorwa ubaoni bila mtu kushika kitu.

Jeshi la Argentina lilipindua serikali Machi 1976, likatawala hadi 1983. Maelfu ya watu walikamatwa na kutoweka. Wamo wanawake waliokamatwa wakiwa wajawazito, wakajifungulia vizuizini, kisha wakauawa. Watoto wao waligawiwa kwa familia nyingine, baadhi zikiwa za wanajeshi wenyewe, wakaandikishwa kwa majina mapya. Akina bibi wa Plaza de Mayo, waliojikusanya 1977 na kuchukua jina la uwanja ulio mbele ya ikulu ya Buenos Aires, wanakadiria kuwa watoto walioibwa namna hiyo ni 500 hivi.

Kumpata mtoto unayemshuku ni jambo moja. Kumridhisha hakimu ni jambo jingine. "Macho yake ni ya marehemu binti yangu" si ushahidi. Bibi hao wakaanza kubisha milango ya wanasayansi nje ya nchi. Mmoja wa waliowasikiliza ni Víctor Penchaszadeh, daktari Muargentina aliyekuwa akiishi New York. Mwaka 1984 akaingia kazini Mary-Claire King wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, ambaye walimu wa baiolojia wanamjua zaidi kwa kazi yake ya baadaye kuhusu jeni ya saratani ya matiti.

Walianzia pale sayansi ya wakati ule ilipokuwa imefika: alama za HLA zilizo juu ya seli, zile zile ambazo madaktari huzilinganisha kabla ya kupandikiza figo. Jeni zake zimepangana karibu karibu kwenye kromosomu ya 6, kiasi kwamba kwa kawaida hurithiwa pamoja, fungu zima. Kila mtu ana mafungu mawili, moja la baba na moja la mama. Basi babu na bibi wanne wana mafungu manane. Kama mtoto ni mjukuu wao kweli, fungu lake moja lazima liwe miongoni mwa manne ya upande wa baba, na la pili miongoni mwa manne ya upande wa mama. Wazazi hawapo, lakini walichopitisha kinaonekana pande zote mbili za pengo.

Hapo ndipo hesabu inapoingia, na hesabu ndiyo iliyobeba kesi. Mtoto asiye na undugu wowote naye anaweza kupita mtihani huo kwa bahati. Tuseme jamii ina mafungu 20 tu, yameenea sawasawa, na babu na bibi wetu wanne wana manane yasiyofanana. Bahati hiyo ni 4/20 mara 4/20 mara mbili, yaani watoto 8 katika kila 100. Hakimu makini hamtoi mtoto katika nyumba aliyokulia kwa hesabu ya namna hiyo. Mafungu yakiwa 100, bahati inashuka hadi 32 katika 10,000. Kwa hiyo nguvu ya jibu inategemea mafungu ya familia hiyo ni adimu kiasi gani katika jamii yake, na ndiyo maana ilibidi kwanza kujua yameeneaje Argentina. Kipimo walichotunga kiliitwa, kwa Kihispania, kwa jina linalotokana na neno bibi. Tungeweza kukiita kipimo cha ubibi.

Kuigiza hesabu hii darasani hakuhitaji maabara. Okoteni vizibo vya soda, andikeni herufi nane kwa wale wanne, rusheni sarafu kuamua kipi kinashuka kwa mtoto, halafu changanyeni na vizibo vya "wapita njia" mwone ni wangapi wanaopita kwa bahati. Kidato cha pili wanaliweza.

Bado palikuwa na kasoro. Njia hii inataka ndugu wengi, na babu na bibi walikuwa wakifa. King akageukia DNA ya mitokondria. Hii haikai kwenye kiini cha seli, na mtoto huipata kwa mama peke yake: bibi mzaa mama humpa binti, binti humpa mjukuu, bila kuchanganyika na ya baba. Ina herufi 16,569 tu, nayo ilikuwa imesomwa yote mwaka 1981 kule Cambridge. Ndugu mmoja wa upande wa mama anatosha, hata akiwa mjomba, kwa kuwa mjomba anayo ingawa hawezi kuipitisha. Udhaifu wake ni kwamba ukoo mzima wa kike huwa na ile ile. Ni hodari wa kusema "huyu siye". Kusema "ni huyu" inahitaji msaada wa vipimo vingine.

Mwaka 1987 Argentina ilitunga sheria ya kuanzisha benki ya taifa ya kuhifadhi damu na taarifa za familia hizo. Miaka miwili baadaye, Mkataba wa Haki za Mtoto ulipitishwa ukiwa na kifungu cha 8 kinacholinda utambulisho wa mtoto: uraia, jina na uhusiano wake na jamaa. Kifungu hicho kilipendekezwa na Argentina. Mwanafunzi anayekikariri bila kujua hadithi hii amekariri maganda.

Sasa ndizi, ili darasa liione DNA kwa macho. Ponda nusu ya ndizi mbivu katika nusu kikombe cha maji, kijiko kidogo cha chumvi na kijiko cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Koroga taratibu, povu lisipande. Acha dakika kumi, chuja kwa kitambaa safi, kisha mimina spiriti baridi sana pembeni mwa glasi ili ielee juu. Sabuni imepasua utando wa seli, ambao ni wa mafuta. Chumvi imetuliza chaji za DNA ili nyuzi zikusanyike. Na kwa kuwa DNA haiyeyuki kwenye spiriti, inajitokeza pale vimiminika viwili vinapokutana, nyeupe kama kamasi. Matone ya maji ya papai bichi husaidia, kwa kuwa kimeng'enya chake humeng'enya protini. Mwalimu awe mkweli: ute ule si DNA tupu, na hakuna anayeweza kuusoma kwa macho.

Kwa nini ndizi, na si damu yetu wenyewe? Nilipokuwa kidato cha tatu tulichomwa vidole, kila mmoja akaandika kundi lake ubaoni. Mwenzetu alikuwa O, akijua baba yake ni AB. Kwa kawaida mzazi wa AB hazai mtoto wa O. Mwalimu aliendelea na somo, mwenzetu hakuendelea. Wahenga waliosema kitanda hakizai haramu walikuwa wakilinda nyumba dhidi ya siku kama ile.

Kisa cha Argentina hakipingani nao, maana kule mtoto aliibwa. Hata hivyo, baadhi ya wajukuu waliokwisha kuwa watu wazima walikataa kupimwa, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikataa damu itolewe kwa nguvu, lakini ikaruhusu vinasaba vitafutwe kwenye vitu vyao binafsi. Mwaka huo huo Tanzania ilitunga Sheria ya Mtoto, inayompa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake wa damu, na sheria ya kudhibiti matumizi ya vinasaba vya binadamu. Haki ya kujua na ulinzi wa mwili na siri zake: huo ndio mdahalo wa kidato cha nne, na usifanywe kabla ya ndizi na vizibo, la sivyo watabishana juu ya kitu wasichokielewa.

Wajukuu zaidi ya 130 wamekwisha kutambuliwa. Kwa walimu watakaojaribu: spiriti ilale kwenye friza tangu usiku, moto wowote uzimwe kabla chupa haijafunguliwa, na sindano ya kuchoma vidole ibaki kabatini.